Kiti cha Nyuma

Tangu asubuhi Urbain hajakaa. Saluni ya mkewe Marcelline, pale Sydenham ugenini, ina viti sita, na yeye anazunguka katikati yavyo na simu mkononi, akikanyaga wateja vidole. Marcelline alimwambia akae mpaka akachoka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Huyu alivua miaka mingi iliyopita na maji bado hajayagusa.

Saa tisa alasiri komanda Hardy angerushwa angani kwa roketi. Ni Hardy yule aliyekuwa akijaribu ndege za jeshi kule nyumbani Kamina kila zilipotoka matengenezoni, kisha akahamia Ulaya kwa wajomba zake, akasomea urubani wa majaribio, akachaguliwa kuwa mwanaanga. Urbain sasa anatengeneza mashine za kiwanda huko Jacobs, mji huohuo wa saluni, lakini kule kikosini fundi wa Hardy alikuwa yeye.

Kikosi kile kilikuwa na desturi: fundi aliyekaza skrubu hupanda kiti cha nyuma. Rubani huuliza, "Umeikala?" yaani, umeketi? Fundi asipojibu, injini haiwashwi.

Siku moja Urbain alisingizia tumbo. Pampu ya mafuta ilimtia mashaka, na jenerali alikuwa amesimama uwanjani akitaka kuiona ndege ikiruka. Hardy akapanda peke yake. Injini ikazima angani. Akaruka kwa parachuti, akavunjika mguu. Urbain alimuuguza miezi mitatu asiseme neno. Aibu ile inamla hadi leo.

Saa nne asubuhi simu ikalia. Hardy alipiga kutoka kule alikotengwa na wanaanga wenzake wasipate maradhi kabla ya safari. Alisema mafundi wa huko ni mamia, hata majina yao hayajui, na hakuna anayepanda. Kisha akauliza kama zamani.

"Papa Urbain, umeikala?"

Urbain akazima mashine ya kukausha nywele, mteja akiwa bado chini yake.

"Hapana, komanda. Na ile siku tumbo haikuniuma. Ile pampu niliiogopa."



"Nilijua," Hardy akasema. "Kama ungekuwa na uhakika, ungepanda hata na kolera. Na mimi niliogopa kumwambia jenerali hapana. Leo nikiona kitu kibaya, nitashuka. Lakini sipandi mpaka unijibu."

Urbain akavuta kiti cha nyuma kabisa, karibu na sinki. Akakaa. Marcelline aliacha kusuka, akamtazama.

"Nimeikala," akasema.