Kulia Juu ya Kushoto

Mdogo wangu Chisato alikuwa hajaoga mbele ya mtu tangu alipokatwa titi la kushoto. Kwake alijifungia bafuni kama mwizi, na mumewe, mpole wa watu, akibaki nje ya mlango akikohoa tu. Sisi ni watu wa maji moto. Kwetu kuoga peke yako ni sawa na kula peke yako. Nikachoka kuvumilia. Nikamburuta hadi Yusaka, mji wa mabafu ya zamani, twende asubuhi turudi jioni.

Kabla treni haijasimama akaniambia, "Dada, leo nikishindwa usinialike tena. Nitaoga kwangu, mlango nimefunga, mpaka nife."

Karibu na stesheni tuliazima yukata, yale majoho mepesi ya pamba ya kufunga kwa mkanda, na mitalawanda. Yusaka kila mtu hutembea hivyo, ko-ko-ko kando ya mto, kutoka bafu moja hadi jingine. Bafu la kwanza Chisato alichovya miguu tu kwenye bwawa la nje. La pili alifika mpaka chumba cha kubadilishia nguo, akakuta wasichana wa timu ya mpira wa wavu wanachekeana, akageuza. Tulikula mayai yaliyochemshiwa kwenye chemchemi ya maji moto, nikamtania kwamba amesafiri mbali sana kuja kuosha nyayo.

La tatu lilikuwa Bafu la Korongo, kongwe kuliko yote, mbao zake zimekuwa nyeusi kwa mvuke. Hapo akavua. Akajifunga kifuani kile kitambaa laini cha mkanda begani, kinachoshonwa mahsusi kwa wanawake waliokatwa titi. Akakaa kwenye kigoda, akajisugua, akajimwagia maji kwa ndoo. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya bwawa, nami moyoni nikasema, haya mama, ingia.

"Samahani, mteja!"

Bi Kuwabara, msimamizi, alikuwa amesimama mlangoni na soksi zake nyeupe. "Nguo haziingii majini. Ndiyo sheria ya hapa tangu enzi za mababu. Kuna mteja amelalamika."

"Hiyo si nguo," nikasema. "Ni kitu cha wagonjwa."

"Mama, hata taulo haiingii majini, tunaiweka kichwani. Nikimruhusu huyu, kesho watakuja na chupi."

"Basi avue?"

Bi Kuwabara akamtazama Chisato kifuani, akashusha sauti, eti huruma. "Akivua, wenzake nao watajisikia vibaya. Pale nje kuna bwawa la miguu, zuri sana."

Nikawaka moto. Akiwa na kitambaa ni mchafu, bila kitambaa anatisha watu! Sheria ni msumeno, lakini huu ulikata mbele na nyuma, na aliyekatwa ni yule yule aliyekwisha kukatwa. Na Chisato alifanya nini? Aliinama akaomba radhi. Yeye! Kwetu mtu hukanyagwa mguu kisha akaomba radhi kwa kuuacha njiani. Hasira zangu zikamgeukia hata yeye.

Nilipomfuata kwenye chumba cha nguo, alikuwa ameshavaa yukata, uso ukutani. Alipogeuka nikashtuka. Kwa haraka na aibu alikuwa ameifunga upande wa kulia juu ya kushoto. Hata mtoto wa chekechea kwetu anajua: kushoto huja juu. Kulia juu huvikwa maiti.

Bi Kuwabara naye aliona. "Mteja, tafadhali! Umevaa kama maiti! Wengine wakiona je?"

Chisato akajitazama kwenye kioo. "Labda ndiyo sawa," akasema. "Niacheni hivi hivi."

Hilo ndilo lililonimaliza. Nikachukua yukata yangu, nikaifunga kulia juu ya kushoto, nikakaa chini mbele ya pazia la mlango wa kuingilia.

"Dada, unafanya nini?" Chisato akauliza.

"Nimekufa. Nangoja kuoshwa. Njoo ukae."

"Mama, nakusihi!" Bi Kuwabara akalia.

"Maiti hanyimwi maji, Bi Kuwabara. Tuoshe, ama tukae hapa wateja wako waturuke. Na hizo soksi zisikudanganye. Mwosha huoshwa."

Wanawake wawili wakainua pazia, wakatuona, wakarudi nyuma. "Kuna msiba?" mmoja akauliza.

"Upo," nikasema. "Karibuni sana."

Mitalawanda yao ilisikika mpaka darajani. Nyuma yangu nikasikia kwikwi, nikadhani Chisato analia. Alikuwa anacheka, mkono mdomoni, hata lile bega bovu la upande uliokatwa likatikisika.

"Ingieni!" Bi Kuwabara akasema akiuma meno. "Na hicho kitambaa chenu. Ila geuzeni hizo yukata!"

"Mwombe radhi kwanza. Si mimi, yeye."

Akainama, kainamo kadogo ka ubahili. Mpaka leo sijakakubali.

Bwawani alikuwamo mama mmoja tu, taulo kichwani, macho darini. Bila shaka ndiye aliyelalamika. Chisato alisimama kwenye ngazi akimtazama. Kisha akafungua mkanda begani, akavua kile kitambaa, akakikunja vizuri na kukiweka kichwani, kama sisi sote tunavyoweka taulo. Kovu lilikuwa wazi mbele ya yule mama.

"Nimefuata sheria, mama," akasema. "Sasa sogea kidogo."

Akasogea. Nami niliogopa kumtazama mdogo wangu nisije nikalia mbele ya yule mwanamke, nikamsugua mgongo kwa viganja mpaka akapiga kelele kwamba namchuna.

Tulipotoka nilitaka kumfunga yukata, akanipiga kofi mkononi. Akaifunga mwenyewe, kushoto juu, akaibana pale palipokuwa na titi.

"Lile bafu la wale wasichana," akasema, "tulilipita upande gani?"