Namba Sita na Ndevu za Upande Mmoja

Katika saluni yangu sheria ni moja: aliyekaa kwenye kiti cha kunyolewa haongei. Niliiweka baada ya ubishi wa penalti kunifanya nimkate mteja sikio. Kidogo tu, lakini sikio ni sikio, na hadi leo yule bwana hajakubali kwamba ilikuwa penalti. Tangu hapo mwenye kiti akitaka kuchangia hugonga mkono wa kiti. Mara moja, ndiyo. Mara mbili, uongo mtupu. Mengine yote namsemea mimi.

Mteja wangu mgumu kuliko wote ni fundi bomba tunayemwita Redio. Ndiye rafiki yangu. Tumebishana miaka ishirini na sikumbuki siku tuliyokubaliana, hata kuhusu mvua. Ana sauti ambayo hata ukiwa duka la nne unanunua sabuni, unajua kona wamepewa akina nani.

Sasa daktari akamwambia kooni kuna uvimbe mbaya. Wangeukata Jumatatu, na sauti ingeondoka nao. Siyo ingekwaruza, ingeondoka kabisa. Alinieleza hayo amesimama mlangoni, spana mkononi, kisha akasema, "Kufa siogopi sana. Naogopa kuja hapa nikawa kama kiti." Nilimwambia aache upuuzi.

Jumamosi ya kabla ya hiyo Jumatatu alikuja kunyolewa. Ligi ilikuwa mapumzikoni, na mapumziko kwetu ndiyo msimu wenyewe. Kila mwaka, asubuhi ya mechi ya kwanza, tunapiga kura kumchagua mchezaji asiyethaminiwa, na picha yake inakaa juu ya kioo changu mpaka ligi iishe. Kampeni huanza mapema. Redio alikuwa amemsimamisha namba sita wetu miaka mitatu mfululizo, na miaka mitatu mfululizo ameanguka. Mimi mtu wangu ni winga.

Nilikuwa nimemaliza shavu la kulia. Nikazima mashine nikasema, "Leo ongea tu, ndugu yangu. Sheria nimeisimamisha."

Akanitazama kwenye kioo. Halafu akaanza. "Jamani, jamani, tulieni. Bomba likiwa zima ukutani, nani analisifu? Mnasifu koki kwa sababu inang'aa. Namba sita ndiye bomba. Siku akiumia ndipo mtajua nyumba ina maji."

"Kweli kabisa," akasema Mwalimu, mzoefu wa benchi langu, ambaye kwa kawaida hakubali hata saa ya ukutani.

"Sijawahi kusikia hoja nzito kama hiyo," akadakia dada wa cherehani, jirani yangu wa mlango wa pili, mtu anayekosa harusi lakini hakosi mechi.

Na mimi, mjinga wa wajinga, nikasema, "Hapo Redio umetuweza."

Redio akaivua shuka shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. "Mnanivika kilemba cha ukoka," akasema. "Hata Jumatatu haijafika, mmeshanizika." Akatoka, ndevu upande mmoja.

Nani angemfuata? Mwalimu aliangalia viatu vyake. Nikatoka mbio na kitana mkononi, na hasira zikanipanda njiani, sijui namkasirikia nani. Nilimkuta mbele ya duka la vyombo.

"Namba sita wako ni gunia!" nikapaza sauti. "Msimu mzima kafunga goli moja, tena langoni kwetu!"

Akasimama. Hakugeuka.

"Akigeuka na mpira, mtu unaweza kwenda kuoga ukarudi, bado anageuka! Tumemaliza wa saba kwa ajili yake!"

Hapo akageuka. "Wa saba?" Sauti ikatoka yote, ile ile. "Wa saba kwa ajili ya winga wako na viatu vyake vyekundu! Debe tupu! Anakokota mpira mpaka kwenye kibendera, akifika huko anauliza njia!"

"Anapiga krosi!"

"Anawapigia mashabiki!"

Watu walijaa. Mwenye duka la vyombo akatuomba tusogee mbali na sahani zake. Tulibishana pale nusu saa nzima, yeye na shavu moja la ndevu, mpaka akaishiwa pumzi akanishika bega. "Hivyo hivyo," akasema. "Usije ukanibadilikia, wewe mtu." Tukarudi nikammalizia shavu la kushoto. Hakugonga kitu, nami sikuona vizuri, kwa hiyo nilinyoa polepole.

Wiki saba hatukumwona. Hospitali nilikwenda mara mbili, na mara zote alikuwa amelala. Nilikaa tu, nikamsomea habari za usajili.

Asubuhi ya mechi ya kwanza mkewe akamleta hadi mlangoni. Amekonda, shati limekuwa kubwa, leso nyeupe imefungwa shingoni kwa ulegevu. "Shemeji, huyu nakuachia," mkewe akasema. "Nyumbani anagombana na televisheni kwa mikono." Akanong'ona, "Alitaka kurudi kutokea pale kona."

Redio akakaa kwenye benchi na daftari dogo. Ubishi ukaanza. Tumaini la mwaka huu lilikuwa kuingia nne bora. Mwalimu alisema tunaweza, dada wa cherehani akasema labda tukipewa ligi ya peke yetu. Redio akainama akaandika. Alipoinua daftari, mazungumzo yalishafika kwa kipa. Akafuta, akaandika tena. Tukawa tumeshahamia kwa kocha. Hakuna aliyefanya makusudi, ubishi ndivyo ulivyo. Mara ya tatu aliifunga kalamu, akaitia mfukoni, akatazama mlango.

Kwenye kiti nilikuwa na mteja, kijana wa benki, nusu kichwa. "Inuka," nikamwambia.

"Lakini kaka, hujamaliza..."

"Inuka, bwana! Redio, njoo hapa."

Redio akajishika kichwa kunionyesha kwamba hana nywele za kunyoa. Nikamwambia sijamuuliza. Nikamkalisha, nikamvika shuka mbali na ile leso, nikawageukia wengine. "Aliye kwenye kiti haongei. Ni sheria ya hapa, hakuna jipya. Mimi ndiye msemaji wake."

Nikainama sikioni. "Namba sita?"

Akagonga. Mara moja.

Hoja zake nazijua kuliko namba ya simu yangu. Nikavuta pumzi. "Jamani, jamani, tulieni," nikasema, na dada wa cherehani akafunika mdomo. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hesabuni mechi alizokosa namba sita mwaka jana. Nne, sivyo?"

Ko, ko.

"Samahani. Tano. Na hizo tano tulifungwa ngapi?" Nikaendelea. Nikaleta bomba na koki. Nikaleta maji ukutani. Nilipomfikia winga nilisita, nikasikia ko! ya haraka, kwa hiyo nikasema yote: viatu vyekundu, kibendera, kuuliza njia. Nilimponda mtu wangu mwenyewe bila huruma. Redio alikuwa akicheka bila sauti, mabega yanaruka chini ya shuka, machozi yanamtoka, mpaka nikaweka mashine mbali.

"Mimi nahama," akasema Mwalimu. "Nampa namba sita, na safari hii simwonei mtu huruma."

"Na mimi," akasema dada wa cherehani. Hata kijana wa benki, nusu kichwa chake kikimeta, akanyoosha mkono.

"Na wewe, kinyozi?" Mwalimu akauliza.

Redio akanitazama kwenye kioo. Miaka ishirini. Nilitaka kusema winga, wallahi nilitaka, maana aliniomba nisimbadilikie. Lakini nilikuwa nimeisikia hoja yake yote kwa mara ya kwanza bila kuikatiza, na ilikuwa kweli. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Nikachukua kitana nikagonga mkono wa kiti, mara moja.