Jiwe Ndani ya Pipa la Chumvi

Wewe umewahi kutia jiwe chumvi? Usicheke. Mzee wangu Wakhisi alitia, tena kwa ufundi, vile anavyotia samaki wa mbuta wa kupelekwa Kongo: chumvi chini, jiwe katikati, chumvi juu, halafu gunia, halafu kifuniko cha pipa na tofali juu yake.

Jiwe lenyewe lilitoka juu. Tulikuwa tumeanika omena, wale dagaa wa ziwa, ufuoni hapa Port Victoria, jua bado changa, mara tukasikia ngurumo na mbingu iko safi kabisa. Halafu puu! Wavu wa jirani yangu Naswa ukaruka, omena zikatawanyika, na kuku wakafika pale kabla ya watu. Katikati palikuwa na kishimo, na ndani ya kishimo jiwe la ukubwa wa ugali wa watu wawili. Nje lilikuwa jeusi, ganda lake jembamba kama masizi yaliyoshikana na sufuria ya kuni. Mahali lilipobanduka, ndani palikuwa kijivu kama saruji.

Naswa akasema jiwe ni lake kwa sababu wavu ni wake.

"Basi na shimo pia ni lako," Mzee akamwambia, "libebe uende nalo." Akalifunga jiwe kwa kofia yake, akaondoka.

Sasa, mke wa kijana wetu Mathews anaitwa Caren, na anafundisha mambo ya mawe katika chuo kikuu kule Bondo. Ungedhani hapo mambo yatakuwa rahisi. Lakini kwetu mke wa mtoto hazungumzi ovyo na baba mkwe. Hampi mkono, hakai karibu naye, wakikutana njiani anampisha. Neno likiwepo, linapitia kwa mtu. Kwa hivyo Caren akampigia Mathews simu kazini kwake Kisumu, Mathews akanipigia mimi, nami nikampelekea Mzee:

"Mama Debra anasema hilo jiwe ni kitu cha maana sana. Tulitunze mpaka aje, lisiharibike."

Debra ni mjukuu wangu, mtoto wa Caren. Na pengine Caren alikuwa amesema zaidi ya hayo, maana Mathews kwa simu ana haraka kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Mzee akafikiri kidogo. Maisha yake yote, kitu cha maana kisichotakiwa kuharibika kimekuwa kikienda wapi? Kwenye pipa.

"Kwani jiwe huoza?" nikamuuliza.

"Wewe umewahi kuona kitu kikiharibika ndani ya chumvi yangu?"

Sikuwa nimeona. Nikamletea gunia.

Caren alifika juma lililofuata na gari la chuo, likiendeshwa na dereva anayeitwa Dalmas. Alikuja na glavu, mizani ndogo na sumaku iliyofungwa kwa uzi. Akasimama karibu na jiko langu, kitambaa kichwani, macho chini. Mzee alikuwa kwenye kiti chake mlangoni pa banda la samaki. Kutoka hapa hadi pale ungeweza kumrushia mtu hindi akalidaka, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri, lakini maneno lazima yapite kwangu.

"Mama, mwambie Baba nashukuru kwa kulitunza."

"Mzee, anashukuru kwa kulitunza."

"Nimesikia. Mwambie aje alione. Halijaoza hata kidogo."

Akatoa tofali, akafunua, akachimbua, akaliweka jiwe juu ya meza ya samaki, kisha akarudi nyuma ili Caren aweze kusogea. Lo! Lile ganda jeusi lilikuwa limetoka jasho la kahawia, limechirizika kutu kila upande. Na harufu? Mbuta mtupu. Paka wa Naswa alikuwa ameshafika.

Caren akainamia meza. "Mama, nani aliweka chumvi?"

"Mzee, nani aliweka..."

"Mimi," Mzee akajibu kwa fahari. "Mwambie ni ile chumvi nzuri, si ya ng'ombe."

Naswa, aliyekuwa ameegemea ua, akaangua kicheko. "Mngelikaanga pia! Nilete vitunguu?"

Caren hakucheka. Akanieleza polepole. Jiwe hilo lina vipande vidogo vya chuma ndani yake, vimechanganyika na nikeli. Chumvi ikikutana na unyevu wa ziwa hukila chuma, ikianzia nje ikiingia ndani. Linafaa kufika maabara ya Kisumu leo hii, likaushwe, lipimwe. Kutu ikishafika moyoni, hakuna atakayejua lilikuwa limeumbwa na nini lilipotoka huko.

Nilimpelekea Mzee yote, ila pale pa kuharibu nikaparuka. Hakuhitaji nimwambie. Masikio yake ni mazima. Uso ukamwanguka. Akainuka, akaenda akachukua jiwe, akalirudisha juu ya kifuniko cha pipa, akasimama mbele yake kama askari wa benki.

"Mwambie haliondoki hapa."

"Anataka pesa," Naswa akasema.

"Nyamaza, Naswa."

Dalmas akapiga honi. Nikampelekea Mzee chai yenye sukari ya kutosha, nikamwuliza chini chini, "Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Mtu hasimami hivyo mbele ya pipa bila kutaka kitu."

Akanywa chai. Akaangalia gari. Akaniangalia mimi. Akaangalia gari tena.

Caren alipoona hivyo akaniomba nimwombee angalau kipande kile kilichokuwa kimepasuka pembeni. Mzee akakubali kwa kichwa, akasogea kando. Caren akagonga kidogo kwa nyundo ndogo, kipande kikadondoka mkononi mwake. Akakigeuza juani. Halafu akapiga ukelele.

"Baba, njoo uone! Ndani ni safi!"

Mimi nikaganda. Naswa akaziba mdomo. Caren naye akagundua amefanya nini, akarudi nyuma, akakanyaga beseni langu la omena. Lakini Mzee alikuwa ameshafika. Akachuchumaa upande wa pili wa pipa, kwa heshima, akanyoosha shingo.

Ndani ya kile kijivu mlikuwa na punje ndogo za mviringo, nyingi, kama ulezi uliomwagika kwenye saruji. Kati yake kulikuwa na chuma kinachong'aa kama sindano mpya.

"Hizi punje ni nini?" Mzee akauliza. Nikafungua mdomo nipeleke swali, nikaufunga. Hakuwa ananitazama mimi.

"Ni matone, Baba," Caren akajibu, macho kwenye jiwe. "Mawe yaliyeyuka huko juu, yakawa matone, yakapoa, yakashikana na vumbi na chuma. Hapo dunia yenyewe ilikuwa haijakuwepo."

"Kabla ya hili ziwa?"

"Kabla ya ziwa. Kabla ya milima."

"Na mimi nikayatia chumvi."

"Kutu imeishia hapa, Baba, unene wa ukucha. Tukiwahi, moyo wake ni mzima." Sasa maneno yakawa yanamtoka yenyewe. Akaeleza watakavyokata kipande na kukisugua mpaka kiwe chembamba, mwanga upite, halafu kikiwekwa chini ya hadubini maalumu, kila madini huonyesha rangi yake: buluu, manjano, waridi, kama duka la vitenge. "Kwa hizo rangi ndipo tunajua limeumbwa na nini."

Mzee akavua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Mzee," nikamwambia, "gari linangoja. Sema."

Akainuka. Akalichukua jiwe kwa mikono miwili, akampa Caren bila kugusana vidole, akamsemesha yeye mwenyewe, si mimi.

"Mama Debra, nataka kwenda nalo. Nilione likikatwa, nizione hizo rangi. Nitakaa kiti cha nyuma kabisa, sitakusumbua. Ila nikiuliza kitu, unijibu wewe mwenyewe."