Gesti ya Uzi Mweupe

Mama alifungua mkutano wa likizo kwa kupiga miayo. Mimi nasoma shule ya bweni, taratibu za mikutano nazijua, na nikaona akidi imetimia. Mama alikuwa amekaa juu ya furushi la mashuka machafu. Baba alikuwa ametaka kukaa juu ya furushi la masafi, akatazamwa, akakaa sakafuni. Mdogo wangu wa kike, tunayemwita Bosi kwa kuwa tangu azaliwe hajatii amri ya mtu, alikuwa ndani ya beseni, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

“Semeni haraka,” Mama alisema. “Mashine ikinyamaza nanyanyuka.”

Wajumbe wote tukaigeukia mashine. Ilikuwa inatetemeka pale pembeni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Mama ni dobi. Anafua mashuka ya gesti za mji wa pwani, mji ambao haujui hata kwa sura. Huko maji yasiyo na chumvi ni shida, basi kila asubuhi gari la Kona hutuletea mafurushi, na jioni huyarudisha yakiwa yamepigwa pasi. Kona ni dereva, na jina hilo kapewa na kingo za barabara ambazo hajawahi kuzikosa. Jinsi Mama anavyozitenganisha gesti hizo ni kwa nyuzi: kila shuka jipya likiingia analishonea uzi pembeni, mwekundu wa huyu, wa njano wa yule. Majina ya gesti ni kazi ya Kona. Mama anajua nyuzi tu, na kwa nyuzi hizo anajua mambo ya watu ambayo hata mapadri hawajaungamiwa.

Safari hii niliporudi kutoka shule nilimkuta amesimama mezani, pasi mkononi, macho ameyafumba. Nikadhani anasali. Nilipomkaribia nikasikia anakoroma. Mimi ni mtu wa mizaha, na kwa mara ya kwanza maishani niliona nafasi nzuri ya mzaha nikaiacha ipite. Nilichomoa pasi, nikamshika bega. Alifungua macho akaendelea kukunja, kana kwamba hakuwa ameondoka.

Daktari alikuwa amemwambia aache kazi wiki nzima, apumzike hasa, kabla mgongo haujamwamulia wenyewe. Mama alikubali kama mtu anayekubali faini. Ndiyo maana tulikuwa mkutanoni.

Baba alianza kwa kukohoa. Yeye ni fundi wa lifti. Kutwa nzima anapanda na kushuka ndani ya mashimo ya giza katika majengo ya watu, na sasa, kwa likizo yake ya kwanza tangu nizaliwe, alitaka kulipa kiingilio akapandishwe na kushushwa.

“Karibu na huo mji wa pwani kuna bustani ya michezo,” alisema. “Ina treni. Inavutwa juu ya mlima wa chuma, halafu inaachiwa. Nataka kuiona breki yake.”

“Unasafiri kuangalia breki?” Mama aliuliza.

“Na mnyororo.”

“Mimi nataka inigeuze miguu juu!” Bosi alipiga kelele kutoka kwenye beseni.

“Nimepanga twende mara tatu,” Baba aliendelea, “asubuhi na basi la kwanza, tunarudi jioni. Tukibeba chakula chetu, haitatuumiza.”

“Nyie nendeni hata mara kumi,” Mama alisema. “Mimi sharti langu nisiamshwe. Nisipangwe foleni. Na mtu yeyote asiniulize kitu chake kiko wapi.”

“Hata kiatu?” aliuliza Bosi.

“Hasa kiatu.”

Hoja ikapita bila kupingwa. Kilichobaki ilikuwa kupata gesti tunayoiweza, na Baba akatoa simu yake kwa madaha ya mtu aliyekwisha kumaliza kazi.

“Hii hapa. Bei poa, ukuta wa bluu, inatazamana na kituo cha basi la bustanini.”

“Uzi wake gani?”

“Uzi? Wameandika ina feni.”

“Mimi sizijui kuta, baba watoto. Nauliza uzi.”

Nikampigia Kona, nikaweka simu juu ya meza ya pasi wote tusikie. “Mjomba, gesti ya ukuta wa bluu ni uzi gani?”

“Mwekundu.”

Mama akafumba macho. “Uzi mwekundu wanafutia viatu kwa foronya. Kichwa changu sikilazi pale.”

“Yenye bwawa la kuogelea?” Baba aliuliza, akiwa tayari amepungukiwa na sauti.

“Njano,” alisema Kona.

“Njano wanavuta sigara kitandani. Mashuka yanakuja na matundu kama chujio.”

“Ile ya ghorofa?”

“Kijani hiyo.”

“Kijani sisemi mbele ya mtoto,” Mama alisema.

“Mtoto ni mimi?” Bosi aliuliza kwa shauku.

“Wote wawili.”

Mashine ikanyamaza. Mama akaweka mikono magotini ili anyanyuke, akashindwa mara ya kwanza, akabaki vilevile ameinama, akitazama sakafu. Baba alizima simu yake taratibu.

“Kuna uzi mweupe,” Mama alisema akiwa bado ameinama. “Mashuka yake yamechakaa, lakini kila palipochanika pameshonwa, mishono midogo midogo, huioni mpaka uguse. Na huyo mtu mashuka machafu anayakunja kabla ya kuyaleta. Machafu, anayakunja! Pale ningelala.”

“Mweupe?” Kona akacheka kwenye simu. “Hiyo ya bibi mmoja mwisho wa barabara ya mchanga. Vyumba vinne tu. Hana runinga, hana bwawa, na wageni msimu huu hana. Bei yake hata mimi naiweza. Lakini dada, basi la bustanini halifiki kule.”

Nilimtazama Baba. Niliona mlima wa chuma ukiporomoka usoni pake, behewa moja baada ya jingine.

“Mara moja basi,” alisema hatimaye. “Twende bustanini mara moja. Tutatembea mpaka barabara kuu.”

Nimeshuhudia viranja wakivuliwa madaraka mbele ya shule nzima. Hakuna aliyeyaachia kwa upole namna ile.

Baba akampigia bibi yule kuomba vyumba viwili, akakubaliwa, na siku zikaanza kusogea. Mama hakutaka wateja waambiwe mapema kwamba anafunga, akihofia watahamia kwa dobi mwingine. Kona alipewa ruhusa ya kutangaza mwishoni kabisa, na alitangaza.

Kesho yake simu ya Baba ikalia. Alikuwa amelala kwenye kochi na buti zake za kazi, mdomo wazi, kwa hiyo Mama akapokea. Mimi nilikuwa nakunja taulo karibu, na spika ya simu ile ni kubwa kuliko simu yenyewe.

“Naomba msamaha, dada yangu,” ilisema sauti ya mama mtu mzima. “Mimi wa gesti. Vyumba vyenu sitavipata. Dobi wangu kafunga wiki hiyo hiyo, na mashuka niliyo nayo yote ni machafu, yanangoja gari. Siwezi kumlaza mgeni kwenye godoro tupu.”

Mama aliguna. Ndipo akasema, “Dobi wako ni mimi.”

Sote wanne, pamoja na Kona aliyekuwa anabeba mafurushi yenyewe, tulikuwa tumepanga kufunga kazi ya dobi ili tukalale kwenye mashuka yanayofuliwa na dobi huyo. Nimefanya mizaha mingi katika maisha yangu, mingine imeitisha vikao vya walimu, lakini sijawahi kubuni kitu cha kufikia hapo.

“Uzi mweupe unashona wewe?” bibi aliuliza.

“Na viraka unatia wewe?”

Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha watu waliochoka, kifupi, kikaisha kwa kukohoa. Kisha Mama akasema neno lililonifanya niiachie taulo.

“Mpe Kona hayo machafu yote, nitayafua kabla sijafunga. Na tukifika huko, yatakayochafuka nitayafua kwa mkono. Una uwanja wa nyuma?”

“Upo,” bibi alisema polepole.

“Basi. Haitanishinda.”

Akakata simu, akafungua mlango wa mashine, akaanza kuipangusa ndani kwa ajili ya mashuka ambayo hata hayajapakiwa garini. Hivyo ndivyo alivyo. Akiona shuka chafu hafikiri, anainama. Likizo yote ilikuwa imegeuka uwanja wa nyuma wa mtu mwingine, na mgongo uleule umeinamia beseni jingine.

“Mama,” nilisema, “daktari alisema…”

“Daktari analala kwenye shuka la nani?”

Nilichokuwa nacho ni kipaji. Shuleni ninaweza kumwiga matroni kwa sauti hata mabinti wakaamka na kutandika vitanda saa ambazo si za kutandika. Nikachukua simu ya Baba kutoka kochini, nikaenda nyuma ya kamba za nguo, nikajificha kati ya mashuka mawili ya uzi wa njano yenye matundu ya kuchungulia.

“Dada,” nilimwambia bibi kwa sauti ya Mama, nzito na kavu, “nimebadili mawazo. Usimpe Kona kitu. Tutakuja na mashuka yetu wenyewe.”

“Wewe ni binti yake,” alisema bibi.

“Umejuaje?”

“Mama yako huguna kwanza, ndipo anaongea. Wewe umeanza moja kwa moja kama mtu aliyelala vizuri.”

Nilijikuta nasema kweli, jambo ambalo katika kazi yangu hufanywa kwa dharura tu. Nilimweleza habari za mgongo, na pasi, na kukoroma akiwa wima.

“Tatizo,” nilisema, “nikimwambia aje na mashuka ya nyumbani atasema ni aibu, mgeni na mashuka yake. Na akishafika akaona bomba lako, hutamtoa hapo.”

“Bomba gani?” alisema bibi. “Hapa kwangu bomba limepasuka tangu jana. Uwanja wa nyuma hauna tone, na chumba cha mashuka machafu kimepotea ufunguo. Ya kunywa na kuoga nachota kwa jirani. Rudisha simu ulipoitoa.”

“Pole sana, bibi.”

“Pole ya nini, mtoto? Bomba ni zima, na ufunguo ninao kiunoni.”

Niliirudisha simu kochini kwa heshima. Walimu wangu wote nimewahi kuwadanganya, lakini wakati huo nilijua nimekutana na mkuu wa bweni.

Haikupita muda ikalia. Nilimwona Mama akisikiliza, kitambaa mkononi, mabega yakishuka kidogo kidogo.

“Hata kidogo?” aliuliza. “Hata ya beseni moja? Na ufunguo je?” Aliguna. “Basi itabidi tubebe mashuka yetu. Samahani sana. Ni aibu, lakini tutabeba yetu.”

Alipokata simu alisimama katikati ya chumba bila kazi mkononi, kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua. Halafu akaufunga mlango wa mashine.

*

Gesti ya uzi mweupe ina mlango wa mbao uliovimba na vyumba vinne vinavyofanana. Bibi alikuwa mfupi, na vidole vyake vilikuwa na alama za sindano. Yeye na Mama walishikana mikono muda mrefu wakitazamana mikono, si nyuso. Mlango wa uwanja wa nyuma ulikuwa umezibwa kwa kabati, na juu ya kabati, kwa uzito zaidi, kulikuwa na kiti. Mama alilitazama kabati hilo. Bibi alitazama dari. Mimi nilishika mizigo.

Bahari ilikuwa pale pale, unaisikia dirishani. Mama alisema ataiona baadaye. Alitandika kitanda mwenyewe, hatukuweza kumzuia, akajilaza na viatu vyake miguuni, na mkono wake ukaenda wenyewe pembeni mwa shuka kutafuta. Vidole vilipapasa pembe hii, vikapapasa ile.

“Halina uzi,” alisema.

“Ni letu, Mama. Halirudi kwa mtu.”

“Ah,” alisema, na hapo hapo akalala, pembe ya shuka bado imo mkononi.

Asubuhi ya bustani alikuwa bado amelala. Baba alikuwa mlangoni tangu kabla ya jua, mkoba wa chakula begani, amechana nywele kama anakwenda kufunga ndoa na ule mnyororo. Bosi alikuwa anazunguka kitanda kwa miguu minne, akainua godoro kidogo, akachungulia chini, kisha akamkaribia Mama sikioni na kuvuta pumzi.

Baba na mimi tulimdaka kwa pamoja, yeye mdomo, mimi miguu.

“Kiatu changu,” Bosi alinong’ona kupitia vidole vya Baba. “Yeye anajua kiko wapi.”

“Anajua,” Baba alinong’ona. “Twende.”

Tukatembea barabara ya mchanga mpaka barabara kuu, Bosi akiwa na kiatu kimoja na ndala moja ya bibi, kubwa mara mbili ya mguu wake. Pale bustanini, mlinzi wa treni aliutazama mguu ule, akamtazama Baba.

“Mzee, mtoto kiatu chake kingine kiko wapi?”

“Hatuulizi,” alisema Baba, akainama kuangalia breki.