Ridhaa ya Ritu

Ritu alipata habari kwamba ametoa figo yake wakati mdomo wake umejaa ladu. Alikuwa ndio kwanza anaingia kutoka chuoni, mkoba hata hajautua, baba yake akatoka mbio na sahani ya zile tamutamu za mviringo, akammegea moja na kumtia kinywani kwa mkono wake mwenyewe, kama wafanyavyo Wapunjabi wakipata mjukuu au mkwe. "Damu zenu zimelingana!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Wewe na Tejinder. Daktari amepiga simu sasa hivi."

Msichana angesema nini? Hakuna mtu aliyewahi kukataa jambo na ladu mdomoni. Alitafuna, akameza, na alipomaliza kumeza mama yake alikuwa amemkumbatia, na nyuma ya mama majirani walikuwa wakingoja zamu zao. Kupimwa alikuwa amekubali, ni kweli. Kupimwa ni sindano tu. Lakini katika nyumba ya baba yake, Mzee Harbans, kupimwa na kutoa havikuwa vitu viwili, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Tejinder ndiye kifungua mimba wa nyumba hiyo, na dada zake wawili humwita Veerji kwa heshima ya kaka mkubwa. Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Kila wiki alipelekwa Nairobi kusafishwa damu kwa mashine. Kisha ikaja Januari ya 2008, vurugu za uchaguzi zikafunga barabara kwa mawe na matairi yanayowaka, na Tejinder akakwama Nakuru bila mashine mpaka uso ukamvimba na pumzi zikawa za kuhesabika. Familia ilimzunguka kitandani, risasi zikilia nje na kifua chake kikikoroma ndani, hadi ulipopatikana msafara wenye askari. Tangu hapo Mzee Harbans, muuza vipuri vya malori ambaye hajui kuvumilia kitu kibovu, hakutaka tena kusikia habari ya mashine. Alitaka figo. Yeye na mkewe walikataliwa, mmoja kwa kisukari, mwingine kwa presha. Ndipo zamu ikamfikia Ritu.

Ubaya ni kwamba Ritu alikuwa ameshalizungumzia jambo hili mbele za watu, tena kwa sauti.

Chuo kilipofunguliwa upya, Mwalimu Makokha alianza somo la maadili ya tiba katika Utangulizi wa Falsafa, darasa ambalo wanafunzi wa biashara kama Ritu huingia kwa sababu wamelazimishwa. Aliwapa kisa. Dada anafaa kumpa ndugu yake figo, lakini hataki, na amemnong'oneza daktari tu. Je, daktari aiambie familia ukweli, au aseme kwamba huyo dada hafai?

Ritu alisimama hata kabla ya kuitwa. "Aseme ukweli! Akidanganya anamfanya huyo dada mtoto mdogo. Mtu mzima kama hataki, aseme hataki, tena mbele ya wenyewe. Kwani ni figo ya nani?"

"Mwalimu, mimi nauliza tu," akasema Dalmas kutoka nyuma, kijana asiyekosa neno. "Huyo dem akishakataa, Krismasi ataenda kula wapi?"

Darasa lilicheka. "Atakula kwake!" Ritu akamjibu, na makofi yakapigwa. Makokha alingoja kelele zitulie, kisha akasema, "Bi Ritu, swali la Dalmas hujalijibu." Ritu alimwona mwalimu ana gubu tu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na siku hiyo nguruwe alikuwa mtu wa kwenye kisa.

Mwezi wa Aprili walikwenda Nairobi kwa vipimo vya mwisho. Daktari Owuor, mama mwenye sauti ya chini, alimwacha Mzee Harbans kwenye benchi nje, akafunga mlango.

"Ritu, wewe mwenyewe unataka?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Nyumbani walimshukuru, walimbariki, walimpikia, kumuuliza hawakumuuliza. Alilia mpaka kamasi zikamtoka. "Nampenda, Daktari. Wallahi nampenda. Lakini naogopa. Sitaki kukatwa."

"Kuogopa si kosa."

"Nikisema hivyo nyumbani nimekwisha."

"Si lazima useme. Nitamwambia baba yako kwamba vipimo vimeonyesha hufai. Sitaeleza zaidi, na yeye hatapewa cha zaidi. Wewe amua."

Ritu alijikumbuka alivyosimama darasani, kidevu juu, akaona haya. Haya hazikumzuia. "Mwambie," alisema.

Alidhani ametoka kifungoni. Masikini, alikuwa amebadilishiwa chumba tu. Walirudi wawili garini, na baba yake hakumlaumu kwa neno hata moja. Angalau angenung'unika! Walipofika mji wa Mai Mahiu mzee alisimamisha gari, akanunua mahindi ya kuchoma, akachagua hindi laini zaidi na kumpa. "Usijilaumu, binti yangu," alisema. "Wewe ulikuwa tayari. Mungu ameona moyo wako." Ritu alilishika hindi lile mpaka likapoa. Alitaka kufungua mlango ashuke, lakini angeshuka aende kwa nani? Kutoka pale hadi Nakuru alimtazama baba yake kwa pembe ya jicho, akajichukia, na chini ya kule kujichukia kulikuwa na nafuu, ambayo aliichukia zaidi.

Nyumbani walikuwa wamekusanyika sebuleni. Tejinder alikuwa amelala kwenye kochi, miguu imevimba. Mzee Harbans aliwaeleza akiwa bado amesimama. Kisha, taratibu, kichwa cha mzee kikageuka kumwelekea Nikita, kitinda mimba, aliyetimiza miaka kumi na minane mwezi uliopita.

"Basi tutampima Nikita."

"Sawa, Papaji," Nikita alijibu haraka. "Mimi siogopi." Alikuwa ameibana mikono yake katikati ya magoti, kama mtoto anayengoja sindano. Ritu aliiona.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya Ritu haikufika hata chakula cha jioni. "Mwacheni," alisema. "Mimi nafaa. Daktari alisema vile kwa sababu nilimwambia aseme."

Mama alijiziba mdomo kwa ushungi. Mzee Harbans alimtazama binti yake kana kwamba ni mteja aliyemfahamu miaka mingi na leo amemkuta na mkono ndani ya droo. Hakufoka. Aliketi tu.

Tejinder ndiye aliyejikokota akakaa. "Ritu," alisema, akihema, "tumekutendea vibaya. Hata mimi sikukuuliza. Basi nakuuliza sasa, mbele ya wote. Unataka kunipa? Ukisema hapana, yamekwisha. Sitakuchukia."

Na alimaanisha. Hilo ndilo lililomvunja Ritu kabisa, kwamba ndugu yake alimaanisha.

Aliitafuta ile hapana. Darasani alikuwa nayo, kubwa, ya kupigiwa makofi. Kwa daktari alikuwa nayo, ndogo, ya kamasi. Hapa sebuleni ilikuwepo bado, ila kila mahali alipotaka kuiweka palikuwa na mtu. Akiiweka mbele ya Veerji, Veerji angekufa akitabasamu. Akiiacha wazi, Nikita angeiokota, angeingia mle chumbani kwa daktari, angesema siogopi, na angeaminiwa. Wote walikuwa wakimtazama, na wote walikuwa wamenyamaza kwa adabu, ili aamue mwenyewe.

"Ndiyo," alisema.

"Kwa hiari yako?" Tejinder aliuliza.

"Kwa hiari yangu."

Mzee Harbans alishusha pumzi, akanyanyuka, akawageukia wote waliokuwemo, uso ukimng'aa kwa mara ya kwanza tangu Nairobi. "Mmesikia kwa masikio yenu," alisema. "Hakuna aliyemlazimisha."