Mguu wa Kushoto wa Glenys

Mervyn Tuckwell hakuwa na nywele, hakuwa na sauti ya kuimba, hakuwa na magoti yanayokunjika, na hakujua kabisa kucheza dansi. Kwa hiyo kila Jumamosi, katika ukumbi wa dansi wa Kerang, mji mdogo wa Australia, alikaa kwenye meza ya chai akimtazama mke wake, Glenys, akizungushwa na Keith Pargeter, jirani aliyefiwa na mkewe, mwenye viatu vinavyong'aa na kiganja kilichotulia katikati ya mabega ya Glenys kana kwamba amepalipia kodi.

Jumamosi moja Pargeter alimfuata.

"Merv, mguu wa kushoto wa mkeo unachelewa kwenye kugeuka. Si leo tu. Mpeleke kwa daktari."

"Wewe kumbe ndiye mkaguzi wa miguu yake?"

"Nakuambia kwa wema, bwana."

"Basi na mimi nakuambia kwa wema: tafuta mwanamke mwingine wa kuzungusha."

Garini, Mervyn alipomuuliza kuhusu mguu, Glenys alinuna. Alisema kinachomuuma ni kiuno, tena kwa sababu ya bustani. Saratani ya titi aliyotibiwa zamani hakuna aliyeitaja. Mervyn aliipenda sana habari ya bustani. Bustani haikuwa na viatu vinavyong'aa.

Alhamisi Glenys alishindwa kuinuka kitini. Gari la wagonjwa likawafikisha hospitali ya mji wa Bendigo, kwa daktari kijana aitwaye Senaratne.

"Ni kiuno tu, binti yangu," Glenys alisema. "Nilichimba viazi."

"Miguu je? Ilianza lini kulegea?"

Glenys hakujua. Daktari akamgeukia mume. Mervyn aliitazama shuka ya kitanda. Jibu alikuwa nalo, ila halikuwa lake.

"Mguu wa kushoto unaburuzika," alisema mwishowe. "Wiki kadhaa sasa. Aliyeona ni mtu anayecheza naye dansi. Halafu, daktari, aliwahi kuwa na saratani."

Daktari alikuwa ameshashika simu. "Nataka picha ya MRI sasa hivi. Uti wa mgongo mzima, si kiuno peke yake."

Baadaye aliwaonyesha picha. Saratani ilikuwa imerudi. Kiunoni palikuwa na alama ndogo tu. Uvimbe uliokuwa ukibana uti wa mgongo ulikuwa juu, katikati ya mabega. Mervyn alipatambua mahali pale. Alikuwa amepatazama kila Jumamosi, pamefunikwa na kiganja cha mtu mwingine.

"Atatembea?"

"Mmekuja angali anaweza kuisogeza miguu. Tunaanza dawa na mionzi leo."

Baada ya majuma machache Glenys alisimama, ameshikilia fremu ya kutembelea.

"Keith mbona haji kuniona?"

"Nilimkataza."

"Basi ondoa katazo lako, mzee wewe."

Pargeter alikuwa amehamia mji wa Mildura, kwa binti yake, na hakupokea simu. Mervyn akaketi jikoni akaandika: *Keith, ulisema kweli kuhusu mguu. Amesimama. Anataka dansi, hata moja ya polepole. Njoo. Nitakuwa kwenye meza ya chai, na nitakuwa nakutazama.*

Aliilamba bahasha, akaibana kwa ngumi, akaenda mwenyewe kuitumbukiza katika sanduku la posta.