Mwenye Wimbo

Kinanda hakuwa na wimbo hata mmoja wa kwake. Watu hawakulijua hilo kwa sababu nyimbo za wenzake alizijua zote, za furaha na za kilio, za watunzi waliokufa na za wale ambao angependa wapumzike kidogo. Kila Jumapili mchana alikisimamisha kinanda chake pembeni mwa mgahawa wa Mama Vigae, karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo mvuke wa masufuria ulimfikia yeye kabla ya mteja yeyote, akapiga mpaka watu wa chai ya jioni walipoondoka. Vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa na magoti nayo yalikuwa na maoni yao. Lakini kazi nyingine hakuwa nayo, na ile Jumapili moja ndiyo iliyomfanya aweze kujibu mtu akimwuliza siku hizi unafanya nini.

Mama Vigae alipewa jina hilo siku aliyotandaza vigae vyeupe kwa mkopo. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyekunywa chai pale bila kuambiwa vimetoka wapi na vimemgharimu nini. Hakuwa mtu mbaya, ila mkopo ule ulimkaa kooni.

Basi akaja mtu wa hakimiliki. Alikuwa bwana mpole mwenye mkoba, viatu vyake vimelika upande mmoja kwa kuzunguka mgahawa hadi mgahawa akieleza jambo ambalo hakuna aliyetaka kueleweshwa. Akaomba maji, akayanywa yote, ndipo akaeleza. Nyimbo zina wenyewe, na wenyewe wana chama. Mahali panapopigwa nyimbo za wanachama, hata pawe padogo namna gani, panakata leseni kila mwaka.

"Lakini hapa hatufungulii redio," Mama Vigae akasema. "Anapiga mtu. Huyu hapa, tunamlisha."

"Hata akipiga mtu, mama."

Akamwonyesha kiwango. Mama Vigae akakitazama, akavitazama vigae vyake, akavuta kiti akaketi.

"Na akiimba za kwake mwenyewe?"

"Za kwake, na kama si mwanachama, hamdaiwi kitu."

Palepale Kinanda akaambiwa kwamba kuanzia wiki inayofuata ataimba za kwake au atafunga kinanda. "Sina ubaya na wewe," Mama Vigae alisema. "Leseni siiwezi, basi. Nikilipa hiyo, vigae watakuja kuving'oa nikiwa nimesimama juu yake."

Kutunga wimbo baada ya nusu karne ya kula jasho la wengine si mchezo. Kinanda alijifungia chumbani akatunga wimbo wa mapenzi, na jirani wa upande wa pili wa ukuta akagonga kuuliza kama anaumwa. Akatunga mwingine juu ya magoti yake. Ule ulikuwa wa kweli mno, hakuweza kuumaliza. Siku zikaenda, karatasi zikajaa sakafuni, akakata tamaa, akajilaza na viatu vyake miguuni. Hapo, bila kuitwa, ukaja wimbo ambao hakuwahi kujua kama anaukumbuka.

*Lala, mama yuko njiani,*
*kashapita darajani,*
*kashika taa mkononi,*
*lala, yuko mlangoni.*

Aliuona usiku mzima wa utoto wake ndani ya maneno hayo. Alikuwa mgongoni kwa mama, shavu limelala juu ya gauni la kazini linalonuka dawa ya sakafu za hospitali, na sauti ikipita kwenye mfupa kabla ya kufika sikioni. Mama alikuwa mfanya usafi hospitalini. Baba alikwenda kutafuta maisha, akayapata, hakurudi. Kinanda alilia kidogo pale kitandani, halafu akainuka kutafuta sauti ya kuupigia.

Mtu wa hakimiliki aliuchunguza wimbo huo kwa uaminifu. Mtunzi ni marehemu mama yake, hakuwahi kuwa mwanachama wa chama chochote, hata cha kuzikana. Wimbo ni wa familia. Hapadaiwi kitu.

Na wateja wakaupenda! Watu wazima waliacha vijiko hewani. Kinanda akajifunza kuutangulizia maneno: gauni, mgongo, na lile daraja ambalo mama alilivuka kila usiku na taa yake kurudi kwa mwanawe. Daraja hilo likawa refu kadiri wiki zilivyokwenda, na baadaye likapata mto wenye kasi. Kuna aliyemrekodi kwa simu. Haukupita muda, wimbo ukawa unapigwa kwenye harusi za watu asiowajua, na bendi ya hoteli kubwa ikawa inafungia nao kazi. Mama Vigae akaongeza meza. Kinanda, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akapiga pasi shati.

Hapo ndipo akamwalika dada yake.

Dada yake alikuwa mkubwa kwake kwa miaka tisa, fundi wa kushona sare za shule, na macho yalikuwa yameanza kumgomea. Watu wote walimwita Dada, hata waliomzidi umri. Kutoka hakuwa mtu wa kutoka. Kinanda alimwambia tu, "Dada, njoo Jumapili, nina kitu cha mama," naye akaja na gauni lake jeupe alilolishona mwenyewe, akaketi meza ya ukutani. Mtu wa hakimiliki alikuwa meza ya pili yake. Siku hizo alikuwa akija kula kama mteja, maana ndipo mahali pekee ambapo hawakumnunia.

Kinanda akasimulia, mto ukafurika, mama akavuka. Akaimba. Nusu ya mgahawa ikamfuata kwa mdomo uliofumbwa. Alikuwa anamtazama dada yake akisubiri machozi, na machozi hayakuja. Dada alikuwa ameweka uma chini, anamtazama kama mtu aliyeona nguo yake imevaliwa na mwingine barabarani.

Makofi yalipokwisha akaenda mezani kwake. "Umemkumbuka mama?"

"Mama alikuwa haimbi," Dada akasema.

"Dada!"

"Mama sauti yake ilikuwa kama bawaba ya mlango, Mungu amrehemu. Sijawahi kumsikia akiimba hata siku moja. Huo wimbo ni wangu."

Mama Vigae, aliyekuwa akija na sahani, akasimama na sahani yake.

"Mama alikuwa zamu ya usiku," Dada akaendelea, bila kupandisha sauti. "Anaondoka jua likizama, anarudi watoto wa watu wanakwenda shule. Wewe ulifikiri nani alikuwa anakubeba?"

"Nilikuwa nasikia gauni lake. Ile harufu."

"Nilikuwa nalivaa. Alikuwa nayo mawili, moja anakwenda nalo, moja linabaki. Bila hilo gauni ulikuwa hunyamazi, unalia mpaka unatapika. Nikajaribu siku moja kulivaa, ukatulia. Basi nikawa navaa kila usiku, linaburuta chini, nalikunja kiunoni."

Kinanda akavuta kiti. Akaketi.

"Na daraja?" akauliza, na hata yeye alijua ni swali la kijinga.

"Daraja gani? Pale kwetu palikuwa na mtaro. Nilikuwa natafuta neno la kufanana na 'njiani'."

Mtu wa hakimiliki akacheka, kisha akaomba radhi, akageuza kiti. "Nisamehe mama, kazi yangu ndiyo hii. Mtu anaweza kusema wimbo ni wake. Mwingine atajuaje?"

"Huyu anaujua ubeti mmoja," Dada akasema. "Upo wa mwisho. Huo haujui, kwa sababu nikifika hapo alikuwa ameshalala."

Akauimba, kwa sauti ndogo iliyopasuka, mikono juu ya meza.

*Kalala, mimi ni macho,*
*mama haji hadi kesho,*
*mgongo wangu wauma,*
*nami nitalala lini?*

Hakuna aliyepiga makofi. Kinanda aliona aibu ambayo haikuwa na mahali pa kukaa, maana hakufanya kosa lolote ila kulala. Miaka yote hiyo alimshukuru marehemu kwa mgongo wa mtoto wa miaka kumi na moja, tena mbele ya watu, tena kwa kipaza sauti.

"Umeutunga mzuri, Dada," akasema.

"Sikuutunga uwe mzuri. Niliutunga wewe unyamaze."

Mtu wa hakimiliki akaeleza taratibu. Wimbo sasa unapigwa hotelini, unapigwa harusini, na kote huko pana leseni. Dada akijiunga na chama, kila unapopigwa kuna chochote atakachopata. Si utajiri, lakini ni haki yake, na jina lake litakaa juu ya wimbo. Asipojiunga, wimbo utaendelea kupigwa vilevile, yeye hatapata kitu.

"Na hapa?" Dada akauliza.

"Ukishajiunga, ruhusa haitoki kwako tena, inatoka chamani. Na hapa patahitaji leseni kama kwingine."

"Hapa leseni haitakuwepo," Mama Vigae akasema. "Nasema mapema nisije nikaonekana mbaya. Kinanda itabidi apumzike."

Wote watatu wakamgeukia Dada. Kinanda naye alimtazama, lakini moyo wake ulikuwa umetulia, na baadaye utulivu huo ndio uliomchoma zaidi. Alilijua jibu. Dada aliacha shule ili ada itoshe mmoja. Cherehani yake ya kwanza aliiuza, ikageuka kinanda cha kwanza cha mdogo wake. Nyama ya sufuria ilikuwa siku zote haimpendezi, mpaka mdogo wake ashibe. Sasa atapunga mkono kama anafukuza nzi na kusema achana nayo, wimbo tu huo, mwacheni mdogo wangu afanye kazi yake. Kinanda alikuwa ameshaandaa hata maneno ya kukataa kidogo kwa adabu kabla ya kukubali.

"Niandike," Dada akasema.

Mtu wa hakimiliki akafungua mkoba. Dada akataja jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, na Kinanda akalisikia kama jina la mgeni, kwa namna lilivyokuwa halitajwi.

Mama Vigae akarudi jikoni na sahani yake. Wateja wakarudia vijiko vyao. Kinanda akasogea karibu na dada yake ili wasisikie wengine.

"Dada, hii ndiyo kazi yangu pekee. Unajua?"

"Najua."

"Sasa mbona..."

"Nimechoka, mdogo wangu."

Alilisema kama mtu anavyotaja saa. Hakukuwa na hasira ndani yake. Kinanda alijaribu kukumbuka ni lini alimsikia akilitamka neno hilo, akapekua utoto, akapekua misiba, akapekua ule mwaka Dada alipofanyiwa upasuaji, hakulipata popote. Akataka kusema pole, ikawa ndogo. Akataka kukasirika, na hasira haikuja kwa sababu nayo haikuwa na haki ya kuja.

"Kaa hapohapo," akasema. "Usiinuke. Nakuletea chai."

Akapita mlango wa jikoni, akamwomba msichana wa chai kikombe, akamimina mwenyewe, akavuta kopo la sukari. Kijiko kikabaki mkononi. Dada alijua chai ya Kinanda ni vijiko vingapi tangu Kinanda hajajua kuhesabu. Yeye hakujua kama dada yake hutia sukari.